Miaka Mingi Juu ya Ardhi Bila Hati

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi. Makatibu wanaombwa kuyasoma mbele ya wanachama kabla ya Mkutano Mkuu wa mwaka.



Vipo vyama vya msingi vingi ambavyo mali yao kubwa kuliko zote ni kiwanja chenye ghala, ofisi na mizani. Kiwanja hicho kilifyekwa na wanachama wenyewe, matofali yakachomwa kwa zamu, na bati zikanunuliwa kwa fedha iliyokatwa katika kila kilo ya pamba, kahawa au korosho. Wengi wa wazee waliojenga wamekwisha kufariki, na wajukuu wao ndio wanaoleta mazao leo. Mtu yeyote kijijini akiulizwa ghala ni la nani, hujibu bila kusita kwamba ni la chama. Lakini katibu akiulizwa hati ya kiwanja iko wapi, hufungua kabati, hupekua majalada, na mwishowe husema kwamba chama kipo hapo tangu zamani.

Mwanachama naye aghalabu yuko katika hali hiyo hiyo. Shamba alilirithi kwa baba, baba alilirithi kwa babu, na mpaka wake ni mstari wa masale au minyaa ambao majirani wote wanaujua. Karatasi hana.

Neno hilo "tangu zamani" lina uzito katika sheria, tena uzito mkubwa, lakini si kwa namna ambayo watu wengi hudhani. Wengi huamini kwamba miaka ikiwa mingi hugeuka yenyewe kuwa hati. Sivyo. Sheria haiulizi tu mtu amekaa miaka mingapi juu ya ardhi. Huuliza kwanza aliingiaje. Mwenye jibu la swali hilo, na ushahidi wa jibu lake, miaka yake humsaidia. Asiye na jibu, hata miaka 50 yaweza isimfae kitu.

ARDHI BILA HATI SI ARDHI BILA HAKI

Kwanza yafaa kuondoa hofu. Katika Tanzania, mtu anayemiliki ardhi kwa mila bila karatasi si mvamizi. Ni kweli kwamba Wajerumani, kwa amri yao ya mwaka 1895, waliitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya Dola yao, na kwamba Waingereza kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 waliiweka ardhi ya nchi chini ya Gavana. Lakini marekebisho ya mwaka 1928 yalikiri kwamba wenyeji wanaotumia ardhi kwa sheria na mila zao wana haki ya kuitumia. Haki hiyo haikuandikwa katika karatasi ya mtu mmoja mmoja, ila ilikuwapo.

Baada ya Uhuru nguvu ya haki hiyo ilijaribiwa vikali. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kufuta haki za mila katika maeneo yaliyoguswa na Operesheni Vijiji, bila fidia, na kusimamisha mashauri yaliyokuwa mahakamani. Wakati huo Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, katika Mkoa wa Arusha wa siku hizo, walikuwa wamekwisha kushinda shauri la kurudishiwa shamba lao la kimila. Walipinga sheria hiyo, na shauri likafika Mahakama ya Rufani. Mwaka 1994 Mahakama ilitamka kwamba haki ya kutumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Baba na mwana hao hawakuwa na hati ya kuonyesha. Walikuwa na shamba, historia ya shamba na ushahidi wa historia hiyo.

Kisha zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwezi Mei 2001. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na haki miliki inayotolewa na Serikali. Inasema pia kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Kwa hiyo mjane asiambiwe kwamba shamba aliloishi na kulilima na mumewe halimhusu kwa sababu halina hati, au kwa sababu yeye ni mwanamke.

Kama haki ipo, hati ni ya nini? Hati huizuia haki isibishaniwe upya kila kizazi. Asiye na hati analazimika kuthibitisha haki yake kila anapoulizwa; mwenye hati, anayempinga ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mashauri mengi.

MILANGO YA KUINGILIA

Mtu au chama huingia katika ardhi kwa mojawapo ya milango ifuatayo, na kila mlango una matokeo yake.

Mlango wa kwanza ni kugawiwa na mamlaka. Wengi waligawiwa mashamba na viwanja wakati wa vijiji vya ujamaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inathibitisha kwamba ugawaji uliofanywa kijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 ni halali, hata kama wakati ule haukufuata sheria yoyote. Hili ni jambo kubwa kwa vyama vilivyopewa viwanja katika miaka hiyo. Mwenye uwezo wa kuonyesha kwamba aligawiwa katika kipindi hicho ana msingi imara wa haki yake. Ugawaji uliofanywa baadaye hupimwa kwa utaratibu wa Halmashauri ya Kijiji na idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Muhtasari wa mikutano hiyo ndio ushahidi wake.

Mlango wa pili ni kununua. Hapa tahadhari inahitajika. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema katika mashauri zaidi ya moja kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji hayana nguvu. Karatasi iliyoandikwa kati ya muuzaji na mnunuzi mbele ya mashahidi wawili haitoshi. Aliyenunua kwa njia hiyo asingoje ugomvi. Apeleke jambo lake kwa Halmashauri ya Kijiji wakati muuzaji bado yu hai na yu radhi kusema kweli.

Mlango wa tatu ni kupewa au kurithi. Zawadi ya ardhi kwa mila ni halali pale ilipotolewa kwa moyo wa kutoa moja kwa moja, mbele ya ndugu na majirani.

Mlango wa nne ni kuazimwa au kuruhusiwa. Mzee mwenye eneo kubwa aliambia chama, "Jengeni hapa, tumieni." Hakusema anatoa, hakusema anakopesha. Maneno hayo machache ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Aliyeingia kwa ruhusa hubaki mtu wa ruhusa hata akikaa miaka 40.

Mlango wa tano ni kutwaa: kuingia katika ardhi ya mtu mwingine bila ruhusa yake na kukaa. Huu nao una sheria yake.

MIAKA 12 MAANA YAKE NINI

Watu wengi wamesikia habari ya miaka 12. Chanzo chake ni Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971, isemayo kwamba mtu anayetaka kurudishiwa ardhi yake kwa shauri lazima afungue shauri ndani ya miaka 12 tangu haki yake ya kudai ilipoanza. Akinyamaza zaidi ya hapo, mlango wa mahakama humfungia.

Tazama vizuri sheria hiyo inasema nini. Haisemi kwamba kila aliyekaa miaka 12 amepata ardhi. Inasema kwamba mwenye ardhi aliyeondolewa, akakaa kimya, anapoteza nafasi ya kudai. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika shauri la wadhamini wa Holy Spirit Sisters, ilieleza kwamba kukaa juu ya ardhi kwa muda mrefu peke yake hakumpi mtu umiliki. Anayedai kwa njia hiyo lazima athibitishe mambo kadhaa kwa pamoja: kwamba mwenye ardhi aliiacha au aliondolewa, kwamba yeye mdai aliishika ardhi hiyo kwa vitendo, waziwazi, bila kuficha, kwamba hakuwa na ruhusa ya mwenyewe, kwamba alikuwa na nia ya kuimiliki kama mali yake, na kwamba miaka 12 ilipita bila kukatizwa.

Kutoka hapo yapatikana mafunzo manne kwa katibu.

La kwanza, anayedai kwamba alipewa ardhi hawezi wakati huo huo kudai kwamba aliitwaa bila ruhusa. Madai hayo mawili yanapingana, na mahakama huona mara moja. Chama kisichojua mlango wake hujikuta kikitaja milango yote, na kwa kufanya hivyo hupoteza wote.

La pili, barua moja yaweza kubadili hesabu ya miaka. Sheria ya Ukomo inakubali kwamba mtu akikiri kwa maandishi haki ya mwenzake, muda huanza kuhesabiwa upya. Katibu anayemwandikia mwana wa marehemu, "Tunaomba kuendelea kutumia kiwanja chako," ameandika mstari mmoja utakaosomwa mahakamani dhidi ya chama chake. Barua juu ya ardhi zisitoke kabla Bodi haijazijadili.

La tatu, miaka hiyo hukata pande zote mbili. Kama mtu amejenga kibanda au amelima katika eneo la chama na chama kinanyamaza kwa ajili ya ujirani mwema, saa inahesabu. Jirani aruhusiwe kwa maandishi, au aondolewe kwa sheria, lakini asiachwe tu.

La nne, Operesheni Vijiji isichukuliwe kama shimo la kuchimbua madai yote ya zamani. Mwanachama anayetaka shamba la baba lililogawiwa wengine miaka ya 1970 hana budi kuelewa kwamba sheria ya mwaka 1999 imewathibitisha waliogawiwa. Heri aambiwe ukweli huo mapema kuliko kuuza ng'ombe kwa ajili ya shauri.

MFANO WA GHALA

Uchukuliwe mfano wa chama kinachofanana na vyama vingi, bila kuwa chama fulani. Mwaka 1968 wakulima wa pamba walijenga ghala katika sehemu ya shamba la mzee mmoja, mwanachama mwenzao. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi za vyama vya msingi zikaingia mikononi mwa vijiji vilivyoundwa kwa Sheria ya mwaka 1975. Ghala likatumiwa na kijiji. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika. Chama kikaandikishwa upya na kurudi katika ghala lake. Katika miaka ya 1990, biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama kilidhoofika na ghala likakaa tupu misimu kadhaa. Baadaye chama kikainuka tena. Leo mjukuu wa mzee amerudi kutoka mjini na anasema kiwanja ni cha ukoo.

Kwa hesabu ya miaka tu, chama kingesema kimekaa zaidi ya nusu karne. Lakini wakili wa mjukuu atauliza: Je, mwaka 1968 mzee alitoa au aliazima? Kati ya mwaka 1976 na kurudi kwa ushirika, nani alikuwa ameshika kiwanja, chama au kijiji? Kijiji kilipokirudisha, kilirudisha kwa maandishi gani? Chama kilichoandikishwa upya ni kile kile cha kwanza, au ni kingine kilichorithi mali yake, na kwa uamuzi wa nani? Na miaka ile ghala lilipokaa tupu, chama kilikuwa kimeliacha au kililinda?

Kila swali kati ya hayo lina jibu zuri, kama ushahidi upo. Muhtasari wa mkutano wa mwaka 1968 unaomshukuru mzee kwa kutoa kiwanja huziba tundu la kwanza. Uamuzi wa kijiji ulioandikwa kati ya mwaka 1970 na 1977 unaolitambua eneo kuwa la ghala la ushirika huleta nguvu ya sheria ya mwaka 1999. Makabidhiano ya mali wakati ushirika uliporudi huunganisha chama cha kwanza na cha sasa. Malipo ya mlinzi na ya ukarabati katika miaka ya uhaba huonyesha kwamba chama hakikuliacha. Karatasi hizi nne, zikiwekwa pamoja, zina nguvu kuliko maneno ya wazee 20. Zisipokuwapo, maneno ya wazee ndiyo pekee yaliyosalia.

Lakini mfano huu una upande wa pili, na ushirika haupaswi kuufumbia macho. Huenda mjukuu anasema kweli. Huenda babu yake aliazima tu, akafa akitumaini kwamba siku moja eneo litarudi. Chama cha watu wanyonge waliojiunga ili wasidhulumiwe hakina heshima kikimdhulumu mwanachama au yatima wake kwa kuwa yeye naye hana hati. Kama uchunguzi unaonyesha kwamba mlango ulikuwa wa kuazimwa, njia ya haki ni kukaa na familia, kukubaliana bei au badala, kuandika makubaliano, kuyapitisha katika Mkutano Mkuu wa chama na mbele ya Halmashauri ya Kijiji, na kulipa. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya shauri, na amani yake ni ya kudumu.

USHAHIDI UKUSANYWE SASA

Mashahidi wa ardhi isiyo na hati ni wa namna tatu: watu, karatasi na ardhi yenyewe.

Watu ndio wanaoondoka haraka. Mzee aliyeshika kamba ya kupimia msingi wa ghala akifariki, ameondoka na ukurasa ambao hauandikwi tena. Chama kiwatafute wazee hao, wapelekwe kwa wakili au kwa mwenye mamlaka ya kuapisha, na maelezo yao yaandikwe kwa hati ya kiapo: nani alitoa eneo, mwaka gani, mbele ya nani, mipaka ilipita wapi. Mzee aeleze alichokiona kwa macho yake, wala asilishwe maneno.

Karatasi zimo katika makabati, na nyingine zimo majumbani mwa viongozi wa zamani. Zitafutwe vitabu vya mihtasari, stakabadhi za saruji na bati, barua za kijiji na wilaya, risiti za kodi, mikataba ya kukodisha ghala. Taarifa za ukaguzi wa hesabu nazo ni ushahidi mzuri. Kiwanja na ghala vikionekana mwaka hata mwaka katika orodha ya mali za kudumu iliyokaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ni vigumu mtu kusema kwamba chama hakikujiona kuwa mwenye mali. Kama havimo katika orodha hiyo, viingizwe kwa utaratibu, na Bodi ieleze sababu.

Ardhi yenyewe hushuhudia kwa alama zake. Masale ya mpaka wa kihamba, minyaa, mibuni ya zamani, mawe, msingi wa jengo lililobomoka, kisima: yote yachorwe katika ramani ya mkono na kutiwa sahihi na majirani wa pande zote nne. Alama hizi zisiguswe wala kuhamishwa. Jirani anayetia sahihi leo anajifunga yeye na watoto wake.

NJIA YA KUPATA HATI

Hatua ya kwanza ni kujua ardhi iko katika kundi gani. Vijiji vingi vimemezwa na miji midogo, na eneo lililokuwa la kijiji mwaka 1985 huenda leo limetangazwa kuwa eneo la mipango miji. Jibu hupatikana katika ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya au ya Mji. Kama ni mjini, njia ni ya urasimishaji, upimaji na maombi ya hati miliki, ambayo hutolewa kwa muda maalumu, kama vile miaka 33, 66 au 99.

Kama ni ardhi ya kijiji, njia ni Hati ya Haki Miliki ya Kimila. Sheria inawataja waziwazi wanaoweza kuiomba: mwanakijiji mmoja, familia, kikundi, na pia chama cha msingi cha ushirika cha wanakijiji. Kwa hiyo chama cha msingi hakihitaji kujificha nyuma ya jina la mtu. Chama kikuu hakimo katika orodha hiyo. Nacho, pamoja na chama ambacho wanachama wake hutoka vijiji vingi, kipate kwanza ushauri wa afisa ardhi kuhusu njia inayokifaa.

Maombi hupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji. Yapasa kijiji chenyewe kiwe na mipaka iliyopimwa na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na katika utekelezaji hutakiwa pia mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya mwaka 2007. Kijiji ambacho hakijafika hapo, wanachama wake walisemee jambo hilo katika mikutano ya kijiji, maana bila mlango huo hati ya mtu mmoja haitoki.

Baada ya maombi hufuata uhakiki. Kamati ya kijiji, ambayo lazima iwe na wanawake ndani yake, huenda shambani pamoja na mwombaji na majirani, mipaka hutembelewa na kupimwa, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi aseme. Hapo ndipo miaka hupata heshima yake kamili: mtu au kikundi kilichotumia ardhi kwa mila, kwa amani, waziwazi na bila kukatizwa kwa miaka isiyopungua 12, yeye mwenyewe pamoja na waliomtangulia, hutambuliwa kuwa anastahili haki miliki ya kimila. Neno "kwa amani" lisisahaulike. Miaka iliyopatikana kwa vitisho haihesabiki hivyo.

Hati hutiwa sahihi na Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, na mwombaji naye huweka sahihi au dole gumba. Kisha Afisa Ardhi wa Wilaya huitia sahihi na mhuri na kuiandikisha. Hati isiyoandikishwa haijakamilika. Pingamizi likitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji husuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha. Isipowezekana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kuandikisha mali ya chama kwa jina la mtu. Huenda mwenyekiti ni mwaminifu, lakini akifa warithi wake hukuta hati yenye jina la baba yao, na hakuna sheria inayowalazimisha kukumbuka. Chama kilichoandikishwa ni mtu kwa macho ya sheria: chaweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo katika cheti cha kuandikishwa. Vivyo hivyo nyumbani: shamba la mume na mke liandikwe majina yote mawili.

Kosa la pili ni kutengeneza karatasi za zamani. Muhtasari ulioandikwa leo na kupewa tarehe ya mwaka 1974 ni jinai, tena huharibu hata haki iliyokuwapo. Kama karatasi haipo, chama kiseme haipo, na mashahidi wa kweli waseme.

Kosa la tatu ni kukimbilia mkopo. Hati yaweza kutumika kama dhamana, lakini ardhi iliyowekwa rehani yaweza kupotea kwa msimu mmoja mbaya. Ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis uheshimiwe. Hati haikutafutwa kwa jasho ili iuzwe kwa mnada.

KAZI YA KATIBU KABLA YA MKUTANO MKUU

Kila katibu aorodheshe ardhi yote inayotumiwa na chama, kipande kwa kipande. Mbele ya kila kipande aandike mambo manne: chama kiliingia kwa mlango gani, mwaka gani, ushahidi uko wapi, na mashahidi gani bado wako hai. Pasipo na jibu aache nafasi wazi, asijaze kwa kubahatisha. Orodha hiyo isomwe mbele ya wanachama wote, kwa sababu mara nyingi jibu lililokosekana ofisini limo katika kumbukumbu ya bibi mmoja aliyeketi nyuma ya mkutano. Kisha mkutano upitishe azimio la kuomba hati, utaje kiwanja kwa mipaka yake, na uteue watu watatu wa kulifuatilia na kutoa taarifa.

Wanachama nao waifanye kazi hiyo hiyo juu ya mashamba yao, wakiwa na wake au waume zao na watoto wakubwa. Mali iliyojengwa kwa miaka mingi haikosi wa kuitamani, na wazee waliofyeka viwanja hivyo wanapungua kila mwaka. Waulizwe sasa waliingia kwa mlango gani, wangali na sauti ya kujibu.